Kabla ya Kuuliza Kiasi cha Mtaji, Uliza Siku

Mwulize mtu yeyote mwenye wazo la biashara kwa nini hajaanza, na jibu la kwanza litakuwa mtaji. Hana mtaji, au anao kidogo, au bado anautafuta. Ukimwuliza anahitaji kiasi gani, anakutajia namba papo hapo, mara nyingi namba nono yenye sifuri nyingi mwishoni. Ukimwuliza pesa hiyo itarudi mkononi mwake siku ya ngapi baada ya kuitoa, anakutazama kana kwamba umebadilisha mada.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo biashara ndogo nyingi zinapoharibikiwa, kabla hata hazijafungua mlango. Kiasi kinajadiliwa hadi watu wanachoka. Muda hauguswi kabisa, ilhali ndio unaoamua kama pesa fulani inafaa kwa kazi fulani.

Tuchukue hesabu ya fundi seremala aliyepata oda ya madawati kutoka shule. Thamani ya oda nzima tuiite 1,000, kwa sarafu yoyote uitakayo. Mbao, misumari na rangi zinamgharimu 600, na muuza mbao anataka pesa yake siku ya kwanza. Vibarua wanachukua 200. Kazi inakwisha kwa siku 20, madawati yanapelekwa, mkuu wa shule anasaini kwamba kapokea, na fundi anaambiwa malipo yatatoka ndani ya siku 60. Faida ni 200. Kwenye karatasi ni kazi nzuri sana, na fundi ana haki ya kufurahi.

Sasa hesabu siku. Pesa iliyotoka siku ya kwanza imerudi siku ya 80. Kama mtaji wote wa fundi ni hiyo 800, kwa mwaka mzima anaweza kufanya oda nne tu, na faida ya mwaka ni 800. Oda nyingine zikija katikati atazikataa, au atakopa. Lakini mteja huyohuyo angelipa siku ya kupokea mzigo, mzunguko ungekuwa wa siku 20, na oda zikiwepo fundi angefanya kazi 18 kwa mwaka kwa mtaji uleule. Faida ingefika 3,600. Hakuongezewa hata senti moja ya mtaji. Amepunguziwa siku 60 tu.

Nimeiweka hesabu hii mbele kwa sababu fundi huyu, ukikutana naye mwezi wa pili, atakwambia shida yake ni mtaji mdogo. Ataandika mpango wa biashara, atazunguka kwenye ofisi za wakopeshaji, ataomba mara nne ya alichonacho. Akikipata, atafikia karibu faida ileile ambayo angeifikia kwa kubadilisha kipengele kimoja cha makubaliano yake na shule, tena sasa akiwa na riba mgongoni. Na kama hakubadilisha chochote, oda zikiongezeka ndivyo atakavyozidi kuishiwa: kila kazi mpya inataka 800 nyingine leo, kwa ajili ya 1,000 ya baada ya siku 80. Biashara za namna hii hufa zikiwa na faida. Faida iko kwenye daftari, pesa iko kwa mteja.

Tatizo hili ni kubwa kiasi cha kuingia kwenye sheria. Mwaka 2006 India ilipitisha sheria inayomtaka mnunuzi amlipe mfanyabiashara mdogo ndani ya siku 45, na akichelewa atozwe riba kali. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2011, uliweka siku 30 kwa ofisi za serikali kama kanuni ya jumla, na siku 60 kati ya kampuni na kampuni isipokuwa pande mbili zikubaliane wazi vinginevyo. Udhaifu wa sheria za aina hii unajulikana kwa yeyote aliyewahi kuuza kwa mkopo: muuzaji mdogo mwenye mteja mmoja mkubwa hana hamu ya kumshtaki mteja huyo. Kwa hiyo mazungumzo ya siku za malipo yanafanyika, au hayafanyiki, kabla ya kazi kuanza, wakati mteja bado anakuhitaji.

Sasa tuje kwenye mikopo, ambako suala la muda linaleta fumbo ambalo watafiti wamehangaika nalo kwa miaka mingi.

Kwa upande mmoja, tunajua kwamba pesa ikiingia kwenye biashara ndogo inaweza kuzaa sana. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, wachumi Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwafuatilia wenye biashara ndogondogo nchini Sri Lanka na kuwapa baadhi yao, kwa bahati nasibu, ruzuku ya takriban dola 100 au 200. Kwa wastani pesa hiyo ilizaa karibu asilimia 5 kwa mwezi. Hiyo ni faida inayozidi riba ya wakopeshaji wengi. Ukiisoma peke yake, unapata picha kwamba mkopo wowote wenye riba ya kawaida ungemtoa mtu.

Kwa upande wa pili, mikopo midogo yenyewe imepimwa, na matokeo yamewapoza wengi. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita za majaribio kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Hitimisho lilifanana: mikopo iliwasaidia watu kiasi, iliwapa uhuru zaidi wa kupanga matumizi na wakati mwingine kukuza shughuli waliyokuwa nayo, lakini kwa wastani haikubadilisha vipato vyao. Hii ilikuja baada ya miongo ya matumaini makubwa, tangu mchumi Muhammad Yunus alipowakopesha dola 27 watu 42 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, hadi yeye na Benki ya Grameen, aliyoianzisha kwa mikopo hiyo midogo, walipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006.

Kama pesa inazaa asilimia 5 kwa mwezi, mbona waliokopeshwa hawakutajirika?

Majibu ni zaidi ya moja. Moja ni kwamba si kila mkopaji anataka kukuza biashara. Wengine wanaziba pengo la karo au la hospitali, na hilo nalo ni jambo la maana. Jingine lilijificha humohumo kwenye utafiti wa Sri Lanka: wastani ule ulibebwa na wanaume. Biashara za wanawake zilizopewa ruzuku hazikuonyesha ongezeko la faida. Wapo waliokimbilia kusema wanawake hawajui biashara, jambo ambalo halina msingi. Takwimu zilipochambuliwa upya baadaye na watafiti wengine, ilionekana kwamba katika kaya nyingi mume naye alikuwa na biashara, na pesa iliyoingia kwa jina la mke ilihamia kule. Yaani pesa ilizaa, ila kwenye daftari la mtu mwingine. Pale ambapo biashara ya mke ndiyo pekee nyumbani, tofauti hiyo ya faida haikuonekana.

Lakini jibu linalonivutia zaidi lilitoka Kolkata, India. Mkopo mdogo wa kawaida huanza kudaiwa mapema mno, mara nyingi wiki ya pili baada ya kupokea. Erica Field, Rohini Pande na wenzao walishirikiana na taasisi moja ya mikopo kufanya badiliko dogo: wakopaji wanawake wa kundi moja waliendelea na utaratibu wa wiki mbili, kundi jingine likapewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Badiliko la msingi lilikuwa hilo. Waliopewa muda waliwekeza zaidi kwenye biashara, walianzisha biashara mpya kwa wingi zaidi, na karibu miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa juu kuliko za wenzao.

Sababu yake haihitaji shahada ya uchumi. Ukijua wiki ya pili kuna mtu anataka rejesho, huwezi kununua kitu kitakachoanza kulipa mwezi wa tatu. Huwezi kununua mashine, kwa kuwa mashine inataka kufungwa, kujaribiwa na kutafutiwa wateja. Unanunua bidhaa itakayouzika kesho asubuhi. Na sehemu ya mkopo huitumii kabisa: unaifungia pembeni ili ilipe marejesho ya kwanza, maana yake unalipia riba pesa isiyofanya kazi. Ndiyo maana wakopaji wa mtaa mmoja huishia kuuza bidhaa zilezile, bega kwa bega, kwa faida nyembamba. Watu huwalaumu kwa kukosa ubunifu. Mimi nadhani ratiba ya marejesho ndiyo iliyowachagulia biashara.

Fundi wetu wa madawati angeuona upuuzi huu haraka. Mkopo unaoanza kudaiwa siku ya 14 unamkuta bado anapiga randa. Ulipwe na nini? Na mbao?

Kuna hila nyingine ya muda ambayo mkopaji asiyetumia kikokotoo haioni. Mkopeshaji anasema riba ni asilimia 20 kwa mwaka, inayohesabiwa juu ya mkopo wote. Unakopa 1,200, unaongezewa 240, unarudisha 120 kila mwezi kwa miezi 12. Inasikika kama asilimia 20. Lakini hiyo 1,200 hukukaa nayo mwaka mzima. Ulianza kuirudisha mwezi wa kwanza, na kufikia nusu ya mwaka nusu yake imeshaondoka, huku riba ikiendelea kuhesabiwa kana kwamba yote iko mfukoni mwako. Ukipiga hesabu sahihi, kwa salio linalopungua, riba halisi inakaribia asilimia 35. Kama kuna ada ya fomu na bima iliyokatwa kabla hujapewa pesa, inapanda zaidi. Mkopo mwingine unaotangazwa kwa asilimia 28, lakini kwenye salio linalopungua, ni nafuu kuliko huo. Swali la kumwuliza afisa mikopo ni moja: riba inatozwa kwenye kiasi nilichokopa au kwenye kiasi kilichobaki? Akijikanyaga, umeshapata jibu.

Kwa haya yote, chanzo cha pesa ninachokipenda kuliko vyote kwa anayeanza ni mteja. Arbuni inadharauliwa, nadhani kwa sababu haina hadhi. Hakuna anayepiga picha akipokea arbuni kama wanavyopiga wakikabidhiwa hundi ya mfano. Lakini iangalie kwa upande wa siku. Mteja akitanguliza 600, fundi ananunua mbao kwa pesa hiyo, na mtaji wake mwenyewe unabaki kulipa vibarua tu. Haina riba wala haimpi mtu hisa. Na inatoa habari ambayo hakuna utafiti wa soko unaoweza kuitoa: kuna mtu yuko tayari kulipia kitu ambacho bado hakipo.

Kampuni kubwa zinajua hili vizuri. Michael Dell alianza kuuza kompyuta mwaka 1984 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, kwa mtaji wa dola 1,000. Kampuni yake ilikua kwa mtindo wa kuunganisha kompyuta baada ya mteja kuagiza, na kadiri ilivyokomaa ilifika mahali pa kupokea pesa ya mteja kabla ya kuwalipa waliouza vipuri. Ukuaji wake ulikuwa unaleta pesa taslimu, kinyume kabisa na fundi wetu, ambaye ukuaji unammalizia. Mailchimp ya Ben Chestnut na Dan Kurzius, kampuni ya huduma za barua pepe za matangazo iliyoanzishwa Atlanta, Marekani, mwaka 2001, ilijiendesha kwa malipo ya wateja wake bila mwekezaji wa nje hadi iliponunuliwa na kampuni ya programu za uhasibu, Intuit, mwaka 2021 kwa karibu dola bilioni 12. Sisemi kila biashara itafika huko. Karibu zote hazifiki. Ila ni vigumu, ukiijua historia hiyo, kuendelea kuamini kwamba kila safari ya maana huanza na mwekezaji.

Pesa ya mteja ina hatari yake, nayo pia ni ya tarehe. Mwaka 2012 saa ya mkononi iitwayo Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, na watu karibu 69,000 walioilipia kabla haijatengenezwa. Waliahidiwa Septemba mwaka huo. Saa za kwanza zilianza kutumwa Januari 2013. Kampuni ilivumiliwa, ikauza nyingine nyingi, na ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2016. Mchango ule ulikuwa deni la bidhaa, na mwenye kiwanda kidogo akipokea arbuni za watu mia huku uwezo wake ni wa watu kumi, amejikopesha asichoweza kulipa. Arbuni iliyoliwa kabla mbao hazijanunuliwa ni mwanzo wa kuzima simu.

Mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwa ahadi ya kulipa ukiuza, inafanya kazi ileile kutoka upande wa pili, na kwa muuzaji wa rejareja ndiyo mkopo wa kwanza wa kujenga. Inakuja polepole, kwa kulipa kidogo kwa wakati hadi uaminiwe kwa kingi. Ila linganisha bei: kama wa taslimu anapewa punguzo na wewe hupewi, punguzo hilo ndilo riba yako, na kwa mkopo wa wiki mbili linaweza kuwa riba kubwa kuliko ya benki.

Pesa ya ndugu na marafiki huonekana haina tarehe, na hapo ndipo inapotega. Tarehe ipo, ila imeandikwa kichwani mwa mkopeshaji: siku mtoto wake anapoanza shule, siku anapougua. Siku hiyo ikifika atakuja, na pesa yake itakuwa imegeuka mbao. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema waliotutangulia. Andikianeni hata mistari mitano, mkitaja ni mkopo au ni hisa na utarudi lini.

Vyama vya kuchangiana kwa zamu, ambavyo kwa majina tofauti vipo karibu kila bara, vimelielewa suala la muda vizuri kuliko taasisi nyingi. Katika upatu, anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake, anayepokea wa mwisho amewekeza kwao, na kila mtu anajua zamu yake. Nchini India kuna aina ambamo wanachama hushindania zamu kwa mnada: mwenye haraka anakubali kupokea pungufu, na pungufu hilo wanagawana wengine. Hapo siku inauzwa waziwazi, kwa bei inayojulikana na wote.

Kuhusu wawekezaji wa hisa nitasema machache, kwa kuwa biashara ndogo nyingi haziwahusu na wao hawazihusu. Mfuko wa uwekezaji wa aina hii kwa kawaida unaundwa kuishi takriban miaka 10, na ndani ya muda huo lazima hisa ziuzwe ili wenye pesa warudishiwe. Mfano unaowavutia ni kama ule wa kampuni ya uwekezaji ya Georges Doriot ya Marekani, iliyoweka dola 70,000 kwenye kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation mwaka 1957 kwa asilimia 70 ya hisa, na miaka chini ya 15 baadaye fungu hilo likawa na thamani ya zaidi ya dola milioni 350. Uwekezaji mmoja wa namna hiyo hufidia mingi iliyoanguka. Karakana inayomlipa mwenyewe vizuri, inayolea familia tatu na haitauzwa kamwe, kwa mwekezaji huyo ni hasara, hata kama ni biashara safi. Wenye biashara wanaokataliwa na watu hawa huondoka wakidhani wazo lao ni baya.

Ruzuku na mashindano ya mawazo ya biashara yako upande mwingine kabisa, kwa sababu pesa yake hairudishwi. Nigeria ilifanya shindano kubwa la YouWiN kuanzia mwaka 2011. Awamu ya kwanza ilikuwa na washindi 1,200, waliopata wastani wa karibu dola 50,000 kila mmoja, zikitolewa kwa mafungu manne. Kwa mujibu wa utafiti wa McKenzie, miaka mitatu baadaye walioshinda walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa bado kwenye biashara, na wa kuwa na wafanyakazi 10 au zaidi, kuliko walioomba wakakosa. Inafanya kazi. Lakini walioomba walikuwa karibu 24,000, na huwezi kupanga maisha kwa kusubiri bahati hiyo. Nimewaona watu waliogeuza kuandika maombi ya ruzuku kuwa ndiyo biashara yenyewe.

Nirudi Kolkata, kwa sababu nimeacha nusu ya matokeo. Waliopewa miezi miwili walipata faida zaidi, lakini pia walioshindwa kumaliza mkopo waliongezeka. Baadhi walithubutu wakafaulu, baadhi walithubutu wakaanguka, na mkopeshaji hagawiwi faida ya waliofaulu. Anabeba tu hasara ya walioanguka. Kwa hiyo anapong'ang'ania rejesho la wiki ya pili, hafanyi ukatili wala ujinga. Analinda daftari lake kwa gharama ya daftari lako.

Njia ipo, na ni ya kibei tu. Taasisi inaweza kuweka mezani mikopo miwili: wenye rejesho la wiki ya pili kwa riba hii, na wenye rejesho la mwezi wa tatu kwa riba ya juu kidogo, inayofidia watakaoshindwa. Muuza bidhaa za haraka atachukua wa kwanza, fundi atachukua wa pili, na kila mmoja atajua amelipia nini. Taasisi nyingi bado zinatoa ratiba moja kwa wote, halafu zinalalamika kwamba wateja wao hawakui. Mpaka ratiba ya pili itakapowekwa mezani, fundi wa madawati hana la kufanya kwa mkopeshaji. Aende kwa mkuu wa shule kabla ya kusaini, na aombe 600 ya mbao mkononi.